Kabla hujalipa plot Uganda: mwongozo kamili wa kuchagua mahali pa kujenga nyumba, duka, kliniki ama mashine

Huku kwetu watu wengi wananunua plot vile wananunua nguo ya mtumba, wanaangalia rangi na bei, brokas, yaani dalali, anawaharakisha ati kuna mteja mwingine yuko njiani na pesa taslimu, wanalipa, wakifika nyumbani ndio wanaona kwapa limechanika. Sasa nguo unaweza kuitupa. Ukuta ukipasuka utaita fundi, mabati yakivuja utabadilisha, ila kama maji ya mtaa mzima yanapita sebuleni kwako hakuna fundi wa hiyo. Mimi niko kwa mambo ya ujenzi, nimezunguka site nyingi kuanzia Busia mpaka Wakiso, na nikiulizwa jengo liliharibikia wapi mara nyingi jibu si simenti, ni mahali lilipowekwa. Nimeandika hatua vile mimi mwenyewe hufuata. Ni ndefu, kwa hivyo weka chai kwanza.

Hatua ya 1: Jua jengo litafanya kazi gani

Usiniambie unatafuta plot, niambie unatafuta mahali pa nini. Mizigo, yaani vyumba vya kupangisha, inataka watu wa mshahara mdogo wanaoweza kutembea kwa miguu mpaka kazini, maji ya mfereji, na choo ambacho kikijaa gari la kunyonya linakifikia. Kliniki inataka gari lifike mlangoni usiku wa manane mvua ikinyesha, maana mama mwenye uchungu huwezi kumwambia ashuke kwa boda amalizie mita 300 kwenye matope. Mashine ya kusaga posho, yaani unga wa mahindi, inataka stima ya feizi tatu, nafasi ya lori kugeuka, na majirani wasiwe karibu sana sababu ya kelele na vumbi. Shule inataka utulivu na uwanja, na watoto wasiwe wanavuka barabara kuu kila asubuhi. Petroli stesheni ndio mambo mengine kabisa, hiyo bila tathmini ya mazingira ya NEMA, mamlaka ya mazingira, usianze hata kuota.

Chukua karatasi uandike vitu vitatu ambavyo bila hivyo jengo lako halifanyi kazi. Vitatu tu. Tembea nayo mfukoni, brokas akikuonyesha plot iko na miti, upepo mzuri na ziwa linaonekana kule chini lakini kimoja kati ya vile vitatu hakipo, mshukuru, panda boda, nenda.

Na ukubwa pia uangalie hapa hapa. Tunauziwa kwa futi, 50 kwa 100, ama kwa desimali. Eka moja ni desimali 100, kwa hivyo 50 kwa 100 inatoka desimali 11 na nusu hivi, si 12 na nusu vile wengine wanakuhesabia. Kwa mita ni kama 15 kwa 30. Toa nafasi ya choo, ya tangi, ya gari, ya kuacha mpakani, halafu chora uone kama ile nyumba iko kichwani mwako bado inaingia.

Hatua ya 2: Futa sehemu ambazo hazifai hata ukipewa bure

Hapa usiwe na huruma na bei. Bei ikiwa chini sana kuliko ya jirani kuna kitu, na mara nyingi hicho kitu ni maji.

Anza na swampu. Katiba ya 1995, kifungu cha 237, inasema maziwa, mito na vinamasi serikali inavishikilia kwa niaba ya wananchi, kwa hivyo anayekuuzia mafunjo anakuuzia kitu si chake. Kanuni za mwaka 2000 zinataka uache mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Victoria, na vile vile Kyoga, Albert, Edward na George. Mito mikubwa iliyoorodheshwa ni mita 100, mingine mita 30. Mwaka 2024 NEMA waliingia Lubigi pale Kampala na Wakiso wakabomoa, nyumba za matofali kabisa, watu wakabaki wanaokota mabati na madirisha. Muhuri wa LC1, mwenyekiti wa kijiji, kwenye agrimenti hausimamishi greda.

Na hata kama serikali ingelala, ziwa halilali. Mei 2020 maji ya Victoria yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakapita kidogo rekodi ya 1964, fukwe na landing site za mashua zikazama, na 2024 yakapanda tena. Kwa hivyo ukiambiwa "hapa ziwa halijawahi kufika" uliza aliyekuambia amezaliwa mwaka gani.

Mito ni hivyo hivyo. Mbale, mwisho wa Julai 2022, Nabuyonga na Namatala zilifurika usiku mmoja watu wakafa. Kasese, mto Nyamwamba ulikuja 2013, ukarudi 2020, na hospitali ya Kilembe ikapigwa mara zote mbili. Sitaki kutisha mtu, nataka uone kwamba mto ukishapita mahali unapajua, na jengo likishakuwa pale pale utajenga tena na tena kwa pesa zako.

Halafu milima. Watu wa Mlima Elgon wanajua maporomoko: Bududa Machi 2010, Bududa tena Oktoba 2018, Bulambuli Novemba 2024. Mteremko mkali ukiwa umekatwa miti na mvua ikapiga siku kadhaa, udongo unakunywa maji mpaka unashuka wote. Angalia miti, kama mashina yamepinda chini halafu yakanyooka juu basi ardhi inatembea polepole. Nyufa ndefu kwenye shamba, chemchemi mpya ambayo mwaka jana haikuwepo, nguzo za stima zimelala upande mmoja, zote ni dalili hizo hizo. Na mlima si lazima uwe wa Mungu, Kiteezi karibu na Kampala, Agosti 2024, ilikuwa mlima wa takataka tu, ukashuka ukafunika nyumba, zaidi ya watu 30 wakafa.

Za mwisho kwenye kufuta ni njia za serikali. Chini ya nyaya kubwa za stima, kwenye eneo la barabara kuu, kwenye njia ya reli mpya ya SGR inayotoka Malaba kwenda Kampala, na kwenye njia ya bomba la mafuta la EACOP, njia ambayo upana wake ni mita 30 kutoka Hoima mpaka inavuka kuingia Tanzania. Kuna wajanja wananunua huko makusudi wakingojea fidia. Wakiwa na bahati wanalipwa, lakini mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kujenga.

Hatua ya 3: Nenda mvua ikinyesha

Ukifuata hatua moja tu, fuata hii. Kusini na katikati mvua kubwa ni Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba, kaskazini ni kama msimu mmoja mrefu kuanzia Aprili mpaka Oktoba. Vaa gambuti uende wakati huo huo, simama kwenye plot uangalie maji yanatoka wapi, yanaenda wapi, yanakaa muda gani baada ya mvua kuacha. Kama baada ya saa 24 bado kuna dimbwi, andika.

Wauzaji wengi wanapenda kukuonyesha Januari. Kuna moja nilipelekwa upande wa Tororo, Januari kweli, vumbi tupu, muuzaji anapiga mguu chini ati ona ilivyo ngumu. Nikamwacha na simu yake nikaenda kwa jirani, mama anachambua maharagwe nje.

"Mama, habari ya hapa?"

"Nzuri mwanangu, karibu."

"Hapa maji yanasumbua wakati wa mvua?"

"Aa, hapa hakuna maji."

Lakini mlangoni kwake kulikuwa na kizingiti cha matofali matatu juu ya sakafu, mpaka ukiingia unainua mguu. Nikamuuliza na hii kizingiti mama ni ya kuku? Akacheka. "Hiyo ni ya Aprili."

Jirani hakudanganyi, yeye ameshazoea tu. Kwa hivyo uliza, lakini macho yafanye kazi zaidi ya masikio. Tafuta mstari wa kahawia ukutani, mageti yaliyooza chini peke yake, magunia ya udongo yamepangwa nyuma ya nyumba, vitanda vimeinuliwa kwa matofali. Angalia mimea, mafunjo unayajua, lakini hata miwa na mayuni, yaani magimbi, yakinawiri bila mtu kumwagilia ujue maji yako karibu chini. Angalia kalavati la barabara linaelekea wapi, maana kuna watu wamenunua plot nzuri kabisa halafu barabara ikawekwa lami, mitaro ikajengwa, na mdomo wa mtaro ukaishia kwao.

Hatua ya 4: Chimba

Muombe muuzaji ruhusa ya kuchimba mashimo mawili matatu, mita 1.5 kwenda chini, vijana wawili na majembe wanamaliza asubuhi. Akikataa usichimbe na umesema utafukia, hiyo tayari ni jibu.

Unatafuta nini? Udongo wa juu mweusi wenye mizizi utatolewa wote, huo haubebi nyumba, uone unaishia wapi. Chini yake ukikuta marram, ile nyekundu yenye vikokoto, furahi. Mchanga nao si mbaya kama haujai maji. Udongo mweusi mzito wa kunata, ule unapasuka nyufa za kuingiza vidole wakati wa kiangazi halafu unavimba wakati wa mvua, huo unainua msingi na kuuachia kila mwaka mpaka kuta zinakatika pembeni ya madirisha. Karamoja na sehemu za tambarare za Kasese unaukuta sana. Si kwamba haujengeki, unajengeka, ila unahitaji injinia na msingi wa pesa nyingi, kwa hivyo bei ya plot iwe imeshuka kiasi hicho.

Kipimo cha mkononi: chukua udongo wenye unyevu, uviringishe kama kamba nyembamba, ukifika unene wa penseli bila kukatika basi una mfinyanzi ndani yake.

Sasa kitu ambacho wengi hawajui. Shimo likitoa vipande vya matofali, chupa, kaveera (mifuko ya plastiki), matambara, kwenye kina cha mita moja, hapo palifukiwa. Hiyo ardhi imeletwa na lori. Nimeona shimo moja pembeni mwa Kampala juu marram nzuri nyekundu imeshindiliwa kabisa ungeapa ni ya asili, kwenye sentimita 80 kaveera nyeusi zikaanza kutoka zimeshikana, chini yake tope la kijivu linanuka swampu, na maji yakaanza kupanda polepole tukiwa tumesimama. Muuzaji akasema ni maji ya mvua ya jana. Jana haikunyesha.

Liache shimo wazi usiku mmoja uone maji yatapanda mpaka wapi. Halafu jaza maji mwenyewe, yaache yanywewe, jaza tena, pima yanashuka kasi gani. Yakibaki pale pale mpaka jioni, tangi la choo halitafanya kazi hapo. Choo cha shimo nacho kiwe mita 30 kutoka kisima ama chemchemi yoyote, na sakafu yake ya chini isiguse maji ya ardhini, kwa hivyo kama maji uliyaona kwenye mita 1 usijenge choo cha shimo, tafuta mpango mwingine ama plot nyingine.

Hatua ya 5: Mteremko, jua, radi

Mteremko kidogo ni mzuri, maji yanaondoka. Mteremko mwingi unakula pesa. Piga hesabu: plot ya mita 30 ikishuka mita 1 kila mita 10, kutoka juu mpaka chini umeshuka mita 3, yaani karibu ghorofa nzima ya ukuta wa kuzuia udongo kabla hujaweka tofali moja la nyumba. Pima na ile paipu ya maji ya fundi, nusu saa tu.

Jua: sisi tuko kwenye ikweta, inapita Kayabwe pale njia ya Masaka, kwa hivyo jua la asubuhi na la jioni ndilo linachoma kuta. Tafuta plot ambayo jengo linaweza kulala kwa urefu kutoka mashariki kwenda magharibi, kuta ndefu na madirisha yaangalie kaskazini na kusini. Kwa darasa ama wodi tofauti unaisikia mwilini. Kama plot ni nyembamba na inakulazimisha upande mwingine, panga veranda ama miti.

Radi watu wanaichukulia ni uchawi. Juni 2011 ilipiga shule ya msingi ya Runyanya kule Kiryandongo ikaua wanafunzi 18, na Novemba 2024 ikaua watu 14 kwenye kambi ya wakimbizi ya Palabek wakiwa kwenye maombi. Ukiweka shule ama kanisa kileleni peke yake bila miti mirefu kuliko lenyewe, weka gharama ya kinga ya radi kwenye bajeti ya siku ya kwanza.

Hatua ya 6: Barabara, maji, stima, choo

Njia ya kuingia iwe kwenye ramani. Usikubali "tutapita kwa shamba la mzee, ni mtu mzuri". Mzee ni mtu mzuri, watoto wake je? Pima upana, lori la mchanga litapita? Gari la kunyonya choo nalo, maana kuna mitaa Kampala haliwezi kuingia na paipu yake haifiki, inabidi watu watoe kwa mikono, na wapangaji wanahama.

Maji uliza NWSC, shirika la maji la taifa, bomba lililo karibu liko mita ngapi na presha ikoje, ulize na majirani siku ngapi kwa wiki yanatoka. Stima tangu Aprili 2025 ni UEDCL, kampuni ya serikali, baada ya mkataba wa kampuni ya Umeme kuisha, uliza nguzo ngapi zitahitajika na transfoma iko na nafasi. Mwenye mashine ya posho usihadaike na waya ulioona juu ya nyumba ya jirani, hiyo inaweza kuwa feizi moja tu.

Hatua ya 7: Hesabu watu, kama ni biashara

Kaa pale. Siku ya wiki moja, Jumamosi moja, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, halafu tena saa kumi jioni mpaka usiku. Hesabu wanaopita kwa miguu, boda zinazosimama, teksi zinashusha wapi. Gari elfu zinazopita kwa spidi si wateja, steji ya boda ni wateja.

Na kuna upande wa barabara. Asubuhi watu wanaenda kazini wana haraka, jioni wanarudi na pesa mkononi wananunua nyanya, mkate, dawa ya mtoto. Tunaendesha kushoto, kwa hivyo upande wa wanaorudi nyumbani ndio unauza zaidi kwa vitu vya nyumbani. Chai na chapati ni upande wa asubuhi. Watu wanalipa kodi sawa pande zote mbili bila kufikiria hilo.

Uliza pia kama kuna bypass, barabara ya kuzunguka mji, inakuja. Ikija, magari yatakimbilia huko na wewe utabaki na kibao chako.

Hatua ya 8: Karatasi

Hapa ndio pesa nyingi zinapotea. Uganda kuna aina nne za umiliki: mailo, friholdi (yako moja kwa moja), lizi (ya kukodi kwa miaka) na ya kimila. Mailo ilitoka kwenye mkataba wa Buganda wa 1900, na ndiyo inachanganya watu maana kwenye ardhi moja kuna mwenye hati na kuna mwenye kibanja, yaani anayekaa ama kulima juu yake bila hati, wote wana haki. Ukinunua hati bila kuwaangalia walio juu ya ardhi umenunua kesi. Ukinunua kibanja, muuzaji sheria inamtaka ampe kwanza mwenye mailo nafasi ya kununua, kwa hivyo taka kukutana na mwenye mailo uso kwa uso, taka kibali chake kwa maandishi, na risiti za busuulu, kodi ya ardhi ya kila mwaka anayolipwa mwenye mailo. Usinunue kibanja kwa maneno ya LC peke yake.

Kwa ya kimila, kama Arua, Acholi, Lango, Teso, mmoja hauzi. Kaa na familia na wazee wa ukoo, wote waweke sahihi, hasa wale kaka walio Kampala ambao watarudi Krismasi. Na popote, kama familia inaishi hapo ama inakula kutoka hapo, mke ama mume lazima akubali kwa maandishi. Ndugu zetu Wakenya na Wakongo mnaonunua Busia na Arua, nyinyi sheria inawapa lizi tu, mpaka miaka 99, mtu akikuuzia mailo ama friholdi anakuibia.

Hati ikiwepo, chukua namba ya Block na Plot uende mwenyewe ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi ufanye sachi, yaani upekue rejista. Usimtume brokas. Unaangalia jina, ukubwa, mkopo wa benki, kaveati (pingamizi la mtu mwingine). Jina lilingane na kitambulisho cha huyo mtu anayekaa mbele yako, mpaka herufi.

Halafu sevea, yaani mpima ardhi, aliyesajiliwa, umchague wewe si muuzaji, afungue mipaka na mawe yaonekane, majirani wakiwepo. Hati inaweza kuwa halali kabisa lakini ni ya plot iliyo ng'ambo ya barabara.

Hatua ya 9: Ofisi ya mipango

Tangu sheria ya 2010 nchi nzima ni eneo la mipango, kwa hivyo hata trading center ya kijijini iko chini yake. Nenda kwa ofisa wa mipango wa taun kaunseli, wilaya ama KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, muombe akuonyeshe plani ya eneo. Unaweza kukuta pale ulitaka kuweka mashine ya posho pamepangwa makazi, ama barabara ya baadaye inakata katikati ya plot. Ruhusa ya mipango inatoka kwanza, kibali cha kujenga baadaye kwa kamati ya ujenzi. Ukitaka ghorofa upande wa Entebbe, kwenye uwanja wa ndege, ongeza na ruhusa ya watu wa usafiri wa anga.

Hatua ya 10: Pesa

Lipa kidogo ya kushikilia baada ya sachi, si kabla. Kubwa ulipe benki, wakili wako akiwepo, siku muuzaji anasaini fomu za transfa na picha zake za pasipoti, na hati mkononi mwa wakili. Weka kando ushuru wa stempu, asilimia 1.5 ya thamani, na thamani hiyo anaikadiria ofisa wa serikali si nyinyi wawili. Ongeza sevea, wakili, vijana wa mashimo. Wiki hiyo hiyo panda uzio, hata wa miti na seng'enge, uweke mtu alime maharagwe ndani, maana plot tupu huku inauzwa mara ya pili haraka sana.